Mutomo Yaomba Kiti Jinja

Kwa Mheshimiwa Katibu Mtendaji,
Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria (LVFO),
Jinja, Uganda.

MINTARAFU: OMBI LA UANACHAMA

Pamoja na heshima zote zinazoistahili ofisi yako, Mutomo, mji wa Kitui Kusini nchini Kenya, yaomba kupokewa katika Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria. Mji huo hauna ziwa. Hauna mtumbwi, hauna mwalo, na kosa la kuvua kwa nyavu haramu halijulikani huko, sifa ambayo wanachama wa sasa watakiri kwamba ni adimu.

Kukosa ufuo si kizuizi. Burundi haina hata hatua moja ya ufuo wa Ziwa Victoria, na ni mwanachama. Mkataba uliotiwa saini Kisumu tarehe 30 Juni 1994 ulikuwa wa Kenya, Uganda na Tanzania peke yao, lakini mwaka 2016 ulirekebishwa ili shirika lihudumie maji yote ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Maji yote! Wino huo haukupita bure machoni mwa watu wa Mutomo. Kama maji ya Tanganyika na ya Turkana yamo, basi na ya Mutomo yamo, ingawa sehemu kubwa iko chini ya mchanga.

Maelezo kidogo yanahitajika hapo. Kitui ni nchi ya mabwawa ya mchanga. Ukuta wa zege hukatiza mto wa msimu, mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta na kuyaficha maji mahali ambapo jua haliyafikii. Kazi hiyo ilianza zamani za mkoloni, na tangu miaka ya 1990 mamia ya kuta yamejengwa kaunti nzima. Ni uhandisi wa kupigiwa saluti. Kwa samaki una dosari moja tu: hana pa kuogelea.

Wala Mutomo haihitaji semina ya kuelezwa maana ya ushirikiano wa kimataifa. Miaka ya 1980 Denmark ilifadhili huko mradi wa kuhifadhi udongo na maji, na miamba ya eneo hilo ikajengewa kuta za kukinga mvua. Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupita Mutomo hadi Kitui ilijengwa na kampuni ya China kwa mkopo wa China. Na kabla ya hayo yote palikuwa na mwolyo, chakula cha msaada, ambacho wazee wa Ukambani wanaweza kukisimulia kwa miaka na kwa rangi ya unga.

Tatizo la mwombaji huyu ni kwamba mipango ya samaki hupangwa bila kumfikiria. Mwaka 2009 serikali ya Kenya, katika mpango wake wa kuchangamsha uchumi, iliamua kuwageuza wakulima kuwa wafugaji wa samaki. Yalichaguliwa majimbo 140 ya uchaguzi, kila jimbo likapangiwa mabwawa 200, kila bwawa mita 300 za mraba. Hesabu ya mabwawa haikufuata mto wala chemchemi, wala idadi ya miezi ya mvua. Ilifuata jimbo, lenye mbunge wake. Fedha za mpango zilipokwisha, mabwawa mengi nchini yaliachwa, na mengine sasa yanafuga vyura.

Chukua bwawa moja la aina hiyo, ulilete Mutomo. Jua la kusini mwa Kitui huweza kunyonya karibu mita 2 za maji kwa mwaka kutoka bwawa lililo wazi. Kwa eneo la mita 300 za mraba, hizo ni lita 600,000, yaani mitungi 30,000 ya lita 20. Punda hubeba mitungi minne. Tilapia wa Mutomo angehitaji safari 7,500 za punda kila mwaka, zaidi ya 20 kwa siku, Krismasi ikiwemo, ili tu maji yake yasishuke. Mvua ikijitahidi itaondoa robo ya safari hizo. Maji yanayonywea ardhini hayajahesabiwa, na punda hajaulizwa maoni yake.

Kwa hiyo Mutomo hula samaki wa watu wengine, nao hao ndio msingi wa ombi hili. Omena, dagaa wa Ziwa Victoria, hufika masoko ya Ukambani wakiwa wakavu, hupimwa kwa gorogoro, na wanaobaki huishia katika chakula cha kuku. Mlaji huyu wa mbali ndiye anayebeba matokeo ya kila kikao kinachofanyika Jinja, na hajawahi kualikwa hata kwa chai.

Vikao vyenyewe vimezaa kanuni nzuri. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki zimepigwa marufuku. Ilikubaliwa kwamba sangara, anayeitwa mbuta upande wa Kenya, asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50 wala akizidi 85, ili wadogo wakue na wakubwa wazae. Nchi tatu zilikubaliana kuhusu sentimita hizo, jambo ambalo si dogo kwa nchi zisizokubaliana kuhusu mahindi wala maziwa. Kisha samaki wa chini ya kipimo wakaendelea kuvuliwa na kuuzwa katika nchi zote tatu. Mutomo yajitolea kusaidia bila posho: anayetaka kujua kama kanuni inafuatwa hahitaji boti ya doria, achukue rula aende sokoni.

Kenya, ambayo ina asilimia 6 tu ya ziwa, hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Ng'ambo ya mpaka, kalenda hiyo haimfungi mtu. Omena aliyeponea katika maji ya Homa Bay mwezi wa Mei hana hakikisho la kuiona Juni akivuka kusini. Penye nia hata jambo hili huwezekana: kwenye Ziwa Tanganyika, nchi zinazolizunguka zilikubaliana kupumzisha uvuvi, na mwaka 2024 Tanzania ikafunga upande wake kwa miezi mitatu, Mei hadi Agosti. Jinja inaweza kunakili bila aibu.

Kuna lugha moja ambayo ziwa zima huielewa mara moja, nayo ni ya mnunuzi. Kati ya 1997 na 2000 Ulaya ilifunga mlango wake mara kadhaa kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwanza kwa vijidudu vya salmonela, kisha kwa hofu ya kipindupindu, kisha kwa habari kwamba watu walikuwa wanavua kwa sumu. Maabara zikapatikana na mialo ikasakafiwa. Mnunuzi wa Madrid aliogopa kuugua tumbo, Kisumu ikapata barafu. Mnunuzi wa Mutomo naye ana tumbo, ila hana balozi.

Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba samaki kutoka China wangezuiwa, wavuvi wa Kenya wakashangilia, na baada ya miezi michache katoni zikaendelea kuingia. Tilapia huyo wa barafu akiamua kwenda Kitui, atapita juu ya lami ya mkopo wa kwao. Huo nao ni ushirikiano, na kwa haki yote ndio unaofanya kazi kwa kasi kuliko mingine.

Sasa Mheshimiwa afike kwenye jambo linaloufanya uanachama huu uwe wa haraka. Kwenye mpaka wa Makueni na Kitui, pale Thwake inapokutana na Athi, linajengwa bwawa la ukuta wa mita 80.5, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na mikono ya kampuni ya China Gezhouba. Kazi ilianza mwaka 2018 na tarehe za kumaliza zimesogezwa mara nyingi. Likijaa, litabeba zaidi ya mita za ujazo milioni 680, na samaki watakuja wenyewe, kwa kuwa Athi ina kambare wake tangu zamani. Ila sehemu ya maji hayo hupita Nairobi kwanza, na Mto Nairobi huingia Athi ukiwa umebeba yote ambayo jiji lilikataa kubaki nayo. Wakaguzi wa hesabu za serikali wamekwisha kuonya. Yaani kambare wa Thwake atategemea ushirikiano wa kaunti ya juu na za chini, kitu ambacho kwa tabia ya Kenya ni kigumu kuliko mkataba wa mataifa.

Halafu kuna mpaka. Leo Makueni na Kitui hutenganishwa na mto. Kesho mpaka huo utakuwa umezama, na juu yake kutakuwa na tilapia asiyejulikana ni wa gavana gani, leseni itolewe na nani, na ushuru uishie ofisi ipi. Wanachama wako wana uzoefu wa jambo hilo. Kisiwa cha Migingo katika Ziwa Victoria hakifikii ukubwa wa uwanja wa mpira, kimefunikwa mabati ukingo hadi ukingo, na kwa miaka mingi kimezipa Kenya na Uganda kazi ya kupima, kupandisha bendera, kuishusha na kuunda kamati. Ukambani ingependa kujifunza mapema namna ya kugombana kwa utaratibu, kukiwa na kumbukumbu za kikao.

Mutomo haiombi meli ya utafiti. Yaomba kiti cha mtazamaji, nakala ya kanuni za nyavu kwa Kiswahili cha sokoni, na mtaalamu mmoja atakayekwenda Thwake kabla maji hayajajaa badala ya baada ya kesi kufika mahakamani.

Kuhusu ada, Mutomo inafahamu kwamba malimbikizo ya michango ni wimbo wa kudumu katika Jumuiya, na haitaki kuanza uanachama kwa deni. Italipa kwa ndengu. Mavuno ya mvua za vuli huingia ghalani Januari na Februari, kwa hivyo ankara ifike kabla ya Machi, madalali hawajapita.

Wenu katika kusubiri,
Mutomo.

Nakala: Serikali ya Kaunti ya Kitui, Serikali ya Kaunti ya Makueni, punda.