Mjomba Alitua Kwale

Shemeji yangu ni mhasibu wa Nairobi, na kwake karatasi ndiyo yenye kauli ya mwisho. Alipoambiwa mahari ya mpwa wake yatazungumzwa kwetu Mackinnon Road, na kwamba kikao hakianzi bila mjomba, alifungua ramani akaona tuko Kaunti ya Kwale. Akatafuta ndege ya Kwale, akaipata: Nairobi hadi Ukunda, kama saa moja tu. Akampigia mke wangu simu. "Dada, waambie wazee saa nne niko hapo." Mke wangu akajua anakuja na basi la usiku, maana nani hupanda ndege kuja Mackinnon?

Ni kweli sisi na Diani, huko Ukunda ndege inakotua, ni Kwale moja. Gavana wetu ni mmoja. Lakini wao wana mchanga mweupe na watalii, sisi tuna nyika ya Taru na vumbi la malori.

Saa tatu ameshatua. Akamwambia kijana wa boda, "Nipeleke Mackinnon." Kijana akacheka, akawaita wenzake nao waje wacheke. Njia ya mkato kupitia Kinango na Samburu ipo, ila bei aliyotajiwa ilikaribia ile ya ndege. Basi ikawa matatu hadi Likoni, feri, matatu nyingine Mombasa iliyokataa kuondoka bila kujaa, kisha Mariakani, foleni ya malori ya mizani. Na bado.

Huku nyumbani tulikuwa tunalinda barabara. Mabasi ya Nairobi hupita kwetu zikiwa zimebaki kama kilomita 90 kufika Mombasa, na mengine husimama kwenye msikiti wa Sayyid Baghali Shah, kando ya reli, abiria watoe sadaka na kuomba salama. Kila moja likisimama, mtoto alitumwa akachungulie madirishani. Wageni walikula wali, wakala mbuzi, mmoja akakoroma.

Alasiri mjomba akatokea upande wa Mombasa, ambako hakuna aliyekuwa akitazama. Suti imekunjamana, viatu vimejaa mchanga.

"Umetokea wapi, baba?" mzee wa upande wa bwana harusi akamuuliza.

"Diani."

Wazee wakatazamana. Yaani sisi tumekaa juani, mjomba yuko baharini anaogelea! Hakuna maelezo yaliyosaidia. Naye, mhasibu ni mhasibu, akatoa stakabadhi mfukoni akataka nauli ya ndege iongezwe kwenye mahari. Mzee aliyekuwa akikoroma ndipo akaamka: "Ndege hailali zizini."

Asubuhi basi la Nairobi likasimama hatua chache kutoka mlangoni, utingo anaita, viti vipo. Tukamsukuma shemeji apande. Akakataa katakata. Tiketi yake ilikuwa ya kwenda na kurudi, imeshalipiwa, na ndege inaondokea Ukunda.