Vitabu 5,450, Nimevipokea Kamili

Jirani, nitegee sikio. Chai yako iache ipoe, yangu ilishapoa zamani.

Mimi ni mtunza stoo. Majembe, misumari, mabati, gundi ya mbao, huko ndiko kwangu. Sasa Mkuu wa chuo akaniita ofisini. Nikajua ni ile habari ya dizeli. Kumbe siyo. Anasema kuanzia leo wewe ni mkutubi. Mimi masikio yangu yakasikia mhutubu. Nikasimama, nikakohoa kusafisha koo, nikaanza, "Mabibi na mabwana..." Karani wake akatoka nje kucheka. Kumbe mkutubi ni mtu wa maktaba! Nikauliza kwa nini mimi. Akasema una miwani, na funguo zote unazo wewe. Usaili ukaishia hapo. Miwani yenyewe nilinunua stendi, inanisaidia kuona mbali tu, karibu sioni.

Chuo chetu ni hivi vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza 1975 kwa wazo la kutoka Uswidi. Mtu anaingia na darasa la saba lake, anatoka fundi. Umeme, magari, ushonaji, kilimo. Mkuu akaona tukose vyote lakini kona ya sayansi tuwe nayo. Zikaja katoni tatu za vitabu vya msaada kutoka ng'ambo. Juu yake karatasi, imepigwa chapa vizuri kabisa: 500 sayansi kwa jumla, 510 hisabati, 520 nyota, 530 fizikia, 540 kemia, inashuka hivyo hivyo mpaka 590 wanyama. Kwa Kiingereza, na mimi na Kiingereza tunasalimiana kwa mbali. Lakini namba nazijua. Nikajumlisha. 5,450. Sisi wa stoo dini yetu moja: karatasi ikisema mzigo upo, upo. Nikaingiza kwenye leja, nikaandika "nimepokea kamili, hali nzuri", nikatia saini. Kilichonishangaza kidogo ni kwamba mzigo wote ulienea kwenye toroli moja. Nikasema Wazungu wana ufundi wa kufungasha.

Nikavipanga. Virefu nyuma, vifupi mbele, kama picha ya harusi. Kimoja cha kutoa theluji juu ya paa nikakiweka katikati, kina jalada zuri. Cha batobato na michirizi ya kahawia, maradhi yanayotumalizia mihogo, hakuna. Cha theluji kipo, tena nakala mbili.

Halafu nikafanya kosa la kuvifungua.

Jirani, kuna wizi mle ndani! Kitabu cha zamani kinasema binadamu ana kromosomu 48. Kitabu kipya, 46. Mbili zimekwenda wapi? Nageuza, sayari zilikuwa 9, kipya kinasema 8. Sayari nzima imetoka bila kibali cha kutolea mali! Elementi ndiyo kabisa, chati ya zamani 103, ya kitabu kipya 118. Kumi na tano zimeingia na hati ya kupokelea hakuna. Nikajua yule aliyeandika vipya ni mtu wa dili. Kwa kawaida ya stoo, salio la kuanzia ndilo la kweli. Nikachukua kalamu nyekundu. 46 nikaifanya 48. Sayari nikairudisha. Elementi za ziada nikazipiga mstari moja moja, na pembeni ya kila sahihisho nikatia saini yangu. Ndiyo kanuni.

Wiki haikuisha. Binti mmoja wa darasa la umeme akaja, kitabu mkononi.

"Shikamoo baba. Nani kachora hiki?"

"Marahaba. Ofisi."

"Hii saini si yako?"

Nyuma yake darasa zima la umeme, wanaume kwa wanawake. Binti akanieleza taratibu, kama unavyomweleza bibi simu ya kupangusa. Ile 48 ilikuwa hesabu mbovu, ikarekebishwa 1956. Pluto waliitoa kwenye orodha ya sayari 2006. Elementi nne za mwisho zilipewa majina 2016. Kumbe na sayansi inahesabu stoo upya! Sasa mbona hawatutumii waraka? Akasema vya zamani viondolewe rafuni, vinapotosha. Nikamwambia mwanangu, hivyo vina mhuri, ni mali ya umma, haviondoki mpaka kikao cha kufuta mali kikae. Kikao cha mwisho kilikaa kwa ajili ya pikipiki. Pikipiki bado ipo.

Nikadhani yameisha. Akauliza, kwa sauti, "Na kitabu cha Mpemba unacho?"

Jirani, moyo ulinidunda. Kitabu cha Mpemba! Mtoto kajuaje? Lile daftari la madeni pale dukani kwa Mpemba, nina sukari mle, nina sabuni, nina betri. Nikamvuta pembeni, nikamwambia, "Mwanangu, mwambie mwisho wa mwezi namalizia yote, asinitumie watoto kazini." Darasa likaanguka chini kwa kicheko.

Kumbe yeye anamsema Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto. Mwaka 1963 walikuwa wanatengeneza aiskrimu shuleni, yeye akaogopa kukosa nafasi kwenye friza, akaingiza maziwa yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yaliyopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Akang'ang'ania, mpaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne wakaiandika kwenye jarida, na wataalamu wanaibishania hadi leo. Mtu wa hapa hapa, na kona yangu ya sayansi haina hata karatasi yake. Theluji nakala mbili.

Mkaguzi alikuja Jumatatu. Mtu mpole, na wapole ndio wabaya. Akafungua leja, akatazama rafu, akatazama leja. Akahesabu kwa kidole. 61. Akavua miwani, ya kwake ya hospitali. "Mzee, vitabu 5,389 viko wapi?"

Nikamwonyesha ile karatasi. Aliisoma mara mbili, mabega yakaanza kumtikisika. Akaniambia hizo siyo idadi, ni anwani. Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, alizigawa 1876 ili kila elimu iwe na mtaa wake. Fizikia inakaa 530. Joto ni 536. Nikamuuliza, sasa ningejuaje, mtaa gani hauna jina?

Alicheka, lakini hoja ya ukaguzi akaiandika. Natakiwa nijibu kwa barua ndani ya siku 21.

Binti ameniletea fotokopi ya makala ya Mpemba. Nimeibandika 536, nimeingiza kwenye leja: nakala moja. Moja, jirani, nimeihesabu mara tatu. Yule Mpemba mwingine naye kanitumia salamu asubuhi, kumbe habari za darasani zilimfika. Anasema mwisho wa mwezi ni leo.

Hapo ulipo huna elfu kumi?