Bure ni Shilingi Ngapi?

Hebu niambieni wenzangu, bure ni shilingi ngapi? Maana mimi nilidhani najua. Unapewa, unasema asante, unaondoka. Kumbe kwenye mambo ya mifumo ya hospitali bure ina profoma, ina VAT ya asilimia 18, na ina dogo wa kiatu kilichochongoka anayekuita "bosi" huku akihesabu vyumba vyenu kwa macho.

Shemeji yangu ana zahanati huku Mbagala. Siyo kubwa. Ina feni moja inayozunguka ikijisikia, na kabati la mafaili ambalo panya wanalijua kuliko mimi. Mimi pale ndiye mkuu wa teknolojia. Msicheke. Niliwahi kumtengenezea king'amuzi, nilikizaba kofi moja kikashika, akaona nina kipaji. Mshahara hakuna, cheo kipo.

Sasa shemeji kasikia kuna programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, OpenMRS, na haiuzwi. Nikatumwa kuchunguza. Nikachunguza kwa bando langu mwenyewe. Kweli haiuzwi! Ilianza mwaka 2004, kazi ya watu wa Taasisi ya Regenstrief kule Indiana na wenzao wa Partners In Health, na kati ya sehemu za mwanzo kuitumia ni hapo Eldoret, Kenya, kwenye mradi wa AMPATH wa wagonjwa wa Ukimwi. Yaani majirani zetu. Wanaifungua, wanaichokonoa wanavyotaka, hakuna anayewadai leseni. Nikamwendea shemeji kifua mbele. "Shem, bure." Akanipa mkono. Alikuwa hajanipa mkono tangu nimalizie mahari ya dada yake, tena kwa mafungu.

Dogo wa kuifunga akaja. Akasema ndiyo, programu bure. Halafu akakohoa.

Kuifunga siyo bure. Seva siyo bure. UPS siyo bure, na lazima iwepo, umeme wa mtaa wetu mnaujua. Waya wa kutoka mapokezi mpaka maabara siyo bure. Wa kutoka maabara mpaka dirisha la dawa ni wa roli lilelile, nao siyo bure. Mnataka mashine ya damu irushe majibu yenyewe kwenye kompyuta? Hiyo ni kuunganisha, ina bei yake. Madai ya bima yatoke kwenye mfumo, Sista asijaze fomu kwa mkono? Kuunganisha kwingine, bei nyingine. Mafunzo kwa kichwa. Na mtu wa kumpigia ikigoma, huyo analipwa kila mwaka hata isipogoma. Nikauliza kama kukohoa nako kunalipiwa. Shemeji akanikanyaga mguu.

Basi tukaita wa pili, mwenye mfumo wa kulipia. Huyu hana seva, kila kitu kipo kwenye intaneti. Mnalipa kidogo tu kila mwezi, kwa kila mtumiaji. Kidogo kweli. Ila mwezi una tabia ya kurudi. Na watumiaji wakaanza kuzaliana: daktari, Sista, maabara, dawa, keshia, mapokezi. Shemeji akaona ujanja, sote tutumie nywila ya Sista. Tukatumia wakati wa majaribio. Mwisho wa wiki ripoti ikaonyesha Sista kapima malaria, kauza panadol, kapokea hela na kung'oa kucha ya mzee mmoja, yote siku aliyokuwa harusini Kilwa. Sista hakumnunia shemeji. Alininunia mimi. Dogo huyu wa pili naye akatukumbusha kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hayo mambo ya nywila moja hayafai. Wote wakaniangalia, kama vile nywila nimezaa mimi.

Wenzetu wa Marekani, jamani. Mwaka 2009 walipitisha sheria inaitwa HITECH, daktari akiacha karatasi na kutimiza masharti, serikali ilikuwa inamlipa mpaka dola 44,000 kupitia bima yao ya Medicare. Alilipwa yeye! Na bado walinung'unika. Lakini nao wana vidonda vyao. Partners HealthCare ya Boston walipofunga mfumo wa Epic, mradi ulikula kama dola bilioni 1.2, na programu yenyewe ilikuwa kipande kidogo tu cha hela hiyo. Zilizobaki zilikwenda kwa mafundi, mafunzo na wagonjwa waliopungua wakati watu wanajifunza.

Hilo la wagonjwa kupungua sikuhitaji kulisoma. Tulipoanza na huo mfumo wa kila mwezi, dokta wetu akawa anachapa kwa kidole kimoja, tena kwa hasira. Foleni ikafika kwa muuza chipsi. Wagonjwa wakachukua madaftari yao, yale ya shule yenye picha ya twiga, wakavuka barabara kwenda zahanati ya jirani. Kule dokta anaandika mstari mmoja usiosomeka na mtu anapona.

Na mafaili ya zamani nani anayaingiza? Mkuu wa teknolojia. Kadi imeandikwa "Mama Asha". Mfumo unataka majina matatu. Kadi nyingine "Babu wa genge". Mfumo unataka tarehe ya kuzaliwa. Nikimpigia babu, ananiuliza kwani nataka kumfanyia sherehe. Basi siku hizi nusu ya Mbagala imezaliwa tarehe 1 Januari.

Sasa nisikilizeni kilichonipata mimi. Siku ya mafunzo dogo wa mfumo huo alitaka kuonyesha ukurasa wa kliniki ya wajawazito. Akahitaji mgonjwa wa mfano. Akatazama matumbo ya waliohudhuria, akanichagua bila hata kuuliza. Jina langu kamili, namba yangu ya simu, jinsia KE, mimba ya kwanza. Watu wakacheka, mimi pia nikacheka kiungwana. Kufuta sasa? Haifutiki. Rekodi ya mgonjwa haifutwi hovyo, lazima ibaki alama ya nani alifanya nini na lini. Kusahihisha ni mpaka fundi aje, na fundi akija ni nauli na saa za kazi.

Kumbe kifurushi kina ujumbe wa kukumbusha kliniki. Meseji zinalipiwa, ila zangu zinafika hata salio likiwa limebaki la meseji moja. "Mama mpendwa, usikose kuhudhuria." Mke wangu ndiye aliyeisoma ya kwanza. Kaituma kwenye grupu la ukoo.

Nimemlilia shemeji amwite fundi. Kapiga hesabu, kagoma. Anasema nivumilie tu nijifungue, faili litajifunga lenyewe bila gharama. Nikamuuliza dogo kwa simu kama ni kweli. Akasema kweli kabisa, bosi, ila mtoto atafunguliwa faili lake, na kifurushi chenu idadi ya wagonjwa imeshajaa.