Mhadhara Kuhusu Treni, Uliotolewa Kambi ya Wakimbizi ya Dzaleka, Malawi

Mabibi na mabwana, nanyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke: mbele yenu amesimama Profesa wa Kiingereza cha Safari. Cheo nilijipa mwenyewe, maana vyuo vikuu vilikuwa vinanichelewesha.

Sentensi ya leo ni moja: "I'm going by train." Si "by the train", na tena si "with train", kama nilivyomsikia dada mmoja akijigamba sokoni Mponela. Ukishapanda, sema "on the train". Kwa nini "on" wakati abiria yumo ndani? Usiulize. Waingereza ndio waliojenga treni.

Naam, mzee wa Kalemie, nauona mkono wako. Unasema kule Kongo ulisafiri juu ya paa la behewa la mizigo, umeshikilia gunia la mtu? Hongera mzee wangu. Humu ndani ni wewe tu uliyewahi kuwa "on" kwa usahihi kamili.

Nasikia minong'ono kwamba Mponela hakuna reli. Hoja dhaifu! Reli inatoka Salima, inafika Lilongwe, inaendelea Mchinji, na tangu 2010 inavuka hadi Chipata, Zambia. Kama haikuona haja ya kupinda kuja kwetu, hilo ni kosa la reli. Sarufi haina hatia.

Mwingine anauliza: mkimbizi atafikaje stesheni, na kutoka kambini kunataka kibali? Ndugu yangu, hiyo ni siasa. Hapa palikuwa gereza, pakawa kambi mwaka 1994, pakapangiwa watu kama 10,000; leo mmepita 50,000, na ruhusa bado mnaomba. Mimi nifanyeje? Shukuruni kwamba sentensi yangu inatoka bila kibali.

Na wewe kijana unayecheka, eti mimi nimepanda treni lini? Mwalimu wako wa jiografia alifika lini mwezini? Kaa chini.

Sasa semeni wote, kwa sauti, mara tatu. Cheti ni kwacha elfu mbili. Asiye na pesa alete mahindi. Fanyeni haraka, tafadhali. Kijana wa kabaza ananisubiri nje na baiskeli yake anipeleke barabara kuu, na giza likiingia sitapata minibasi ya Lilongwe.