Kaboi Asiye na Ng'ombe

Wajuzi wa sinema hukunja uso likitajwa jina la Trinity, ile filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1970. Kwao hiyo si filamu ya makaboi, ni utani mtupu: Marekani yake imepigiwa picha Italia, nyota wake Terence Hill jina lake halisi ni Mario Girotti, na mwenzake Bud Spencer ni Carlo Pedersoli, mwogeleaji wa Olimpiki. Haya, tumesikia. Lakini mtazamaji wa Karatu, ambaye akipanda kidogo tu kuelekea Ngorongoro anakutana na wachungaji wenyewe, wa miguu, wenye fimbo na ng'ombe wa kweli, adanganywe na kaboi yupi? Anamwona Trinity amejilaza akiburutwa na farasi kama mzigo wa kuni, kisha anafuta kikaango kizima cha maharage, naye mtazamaji anacheka. Uvivu na njaa havihitaji mkalimani.

Mtasema huko ni kukosa elimu ya sinema. Basi tazameni Hatari! ya mwaka 1962, iliyopigiwa picha Tanganyika hii hii ya kaskazini: John Wayne anafukuza vifaru kwa gari na kamba, uso kaukaza kama hakimu. Kifaru wa kweli, vumbi la kweli. Wa kuazima ni kaboi tu. Mwitaliano angalau alijua anatania. Leo ukijaribu mchezo wa Wayne ndani ya kreta ya Ngorongoro, askari wa hifadhi watakufungulia kesi. Maharage ya Trinity, Karatu, bado ni ruksa.