Nilichemsha Bluu, Nikaepua Kijani

Nyumbani kwangu hapa Kitale hakuna kitu kinachoruhusiwa kuzeeka na rangi yake. Geti limepakwa mara tatu. Viatu vya shule vinapigwa rangi hadi ngozi inasahau ilikuwa ya mnyama gani. Jinzi za mitumba zikipauka zinapelekwa sokoni zikachovywe, zirudi nyeusi kama za jana. Mimi hulipa kwanza, nikanung'unika baadaye. Lakini sikujua kwamba kwa umri huu ningekuja kuketi jikoni usiku nikichemsha vitufe vya gemu kama mtu anayechemsha maharagwe.

Kitu chenyewe kilitoka Doha. Binamu yangu alikuja likizo akamletea kijana wangu wa kidato cha pili kisanduku cha kuchezea gemu za ngumi. Si zile pedi za kushika kwa mikono miwili. Hiki unakipakata mapajani: kushoto kuna kijiti chenye kirungu cha duara, kulia kuna vitufe vinane vya kubonyeza, kama vya zile mashine kubwa ambazo vijana wa Japani na Marekani walikuwa wakizilisha sarafu. Vipimo vyake ni vya Kijapani: kirungu milimita 35, kitufe milimita 30. Najua kwa sababu nilivipima vyote baada ya kuvichemsha, nikihofia vimevimba.

Zamani vilikuwa vyeupe. Vilipofika kwangu vilikuwa na rangi ya meno ya mzee wa kiko. Plastiki hiyo ngumu huitwa ABS, ndiyo ile ya matofali ya LEGO, na ikipigwa na mwanga wa jua miaka mingi hugeuka manjano, hasa kama kiwandani ilitiwa dawa yenye bromini ya kuzuia moto. Kijana akasema sentensi moja tu: "Baba, hizi batani zimechafuka."

Mtoto alisema zimechafuka. Mimi nikasikia zinataka rangi. Ndiyo kawaida ya nyumba hii.

Rangi gani, halikuwa swali. Bluu na nyeupe. Mimi ni mtu wa AFC Leopards tangu tumboni; marehemu baba aliishabikia ikiwa bado inaitwa Abaluhya, timu iliyoanzishwa 1964. Mara ya mwisho Ingwe, kama tunavyoiita, kutwaa ligi ilikuwa 1998, na tangu hapo nimeshangilia zaidi matumaini kuliko mabao. Nikajiambia, kama kombe haliji, basi angalau rangi iingie sebuleni.

Shida ni kwamba nilioa Kisumu. Mama watoto ni wa Gor Mahia, na kaka yake, anayefanya kazi Bungoma, ni wa Gor Mahia kuliko Gor yenyewe. Mechi ya timu hizi mbili huitwa Debi ya Mashemeji. Kwa wengine hilo ni jina la gazetini. Kwangu ni chakula cha mchana cha Jumapili.

Nilianza na pakiti ya rangi ya nguo ya dukani, na chumvi, kama maelezo yalivyosema. Sufuria nilichukua ile ndogo ya chama cha mama watoto, katika zile wanazokodisha kwenye harusi na matanga, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa haina mwenyewe karibu. Nikafungua kisanduku, nikachomoa waya, nikatoa vitufe, kila kimoja nikakitenganisha na swichi yake ndogo inayolia tik, maana swichi haitakiwi kuchemshwa. Kimoja nilisahau. Hadi leo ukikibonyeza hakisemi tik wala samahani.

Nilichemsha saa nzima. Maji yakawa bluu, mwiko ukawa bluu, vidole vyangu vikawa vya mtu aliyepiga kura mara kumi. Vitufe havikuwa na habari.

Kumbe rangi ya pamba hushika pamba. Plastiki hutaka rangi ya kitambaa cha polista, ambayo haiyeyuki majini, inatawanyika tu kama unga laini, ikingoja joto liilegeze plastiki kidogo ndipo ijipenyeze ndani. Na si kila plastiki hukubali kuingiliwa. Ukitaka kujua, tupia kipande majini: kikielea, kama yalivyo mabeseni mengi na vifuniko vya mitungi, usijisumbue, hicho hakipokei rangi ya mtu. Vyangu vilizama. Nikafurahi. Ni mara chache baba kufurahi akiona mali ya nyumba inazama.

Nikampigia shemeji.

"Shem," akasema, "hapa Bungoma kuna mzee anarudishia suruali za suti rangi. Suti nyingi si polista? Atakuwa nayo. Njoo."

Basi nikapanda matatu. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, hadi Kanduyi, nimebanwa kati ya gunia la kabeji na mama aliyempakata jogoo. Jogoo alikuwa akinitazama vidole.

Mzee wa rangi aliniuliza suruali ni ngapi.

"Si suruali, mzee. Ni vitufe vinane na kirungu kimoja."

Akanyamaza. Akanitazama kama watu wanavyomtazama mgonjwa aliyetoka hospitali mapema. Kisha akauliza swali moja, na hapo ndipo nilipojimaliza kwa mdomo wangu mwenyewe: "Ni vyeupe kabisa?"

"Vyeupe," nikasema.

Akanipimia kijiko kimoja cha rangi ya bluu ndani ya kipande cha gazeti.

Shemeji naye hakuniacha niondoke kwa amani. "Chemshia hapa hapa, shem. Maji ya Kitale hayachemki."

Kilichoniudhi ni kwamba hakukosea kabisa. Kitale iko juu, kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na maji huko huchemka karibu na nyuzi 94 badala ya 100. Ndiyo maana maharagwe kwetu hukaa jikoni kama mgeni asiyejua kuaga. Bungoma iko chini zaidi, mita 1,400 na kitu, na maji yake hufika nyuzi 95. Ni tofauti ya nyuzi moja na ushee, lakini shemeji aliitamka kama tofauti ya pointi kwenye jedwali la ligi. Nikamjibu kwamba plastiki yenyewe huanza kulegea ikifika nyuzi 105 hivi, kwa hiyo maji ya uvivu ndiyo salama. Nikapanda matatu ya kurudi na kijiko changu cha rangi mfukoni.

Usiku huo nikafanya kila kitu kwa adabu. Maji mapya, tone la sabuni ya vyombo ili rangi isigande mabonge, moto wa wastani, kugeuzageuza bila kuchoka. Ndani ya sufuria kulikuwa na bluu nzito, bluu ya jezi, bluu ya 1998. Baada ya robo saa nikaingiza kijiko, nikainua kitufe cha kwanza kwenye taa.

Kijani.

Nikakisuuza. Kijani kikakolea. Nikainua cha pili, cha tatu, kirungu. Vyote vimevaa Gor Mahia kutoka kichwani hadi unyayoni.

Mtoto wa chekechea angeniambia: bluu juu ya manjano ni kijani. Rangi ya geti hulala juu na kufunika dhambi zote. Hii ya kuchemsha huingia ndani na kukaa na wenyeji iliowakuta. Ilipaswa kwanza niiondoe ile manjano kwa haidrojeni peroksaidi, dawa ambayo duka la dawa huuza ya kuoshea vidonda na saluni huitumia kupausha nywele, kisha nivianike juani vikiwa vimelowa hadi viwe vyeupe. Lakini ulikuwa mwezi wa Julai, na jua la Kitale mwezi wa Julai huja kwa miadi.

Kurudi nyuma haiwezekani. Rangi ya namna hii huenda upande mmoja tu, kwenye giza. Kutoka kijani hicho nilibakiwa na nyeusi, na nyeusi ni rangi ya refa. Marefa sitaki hata kuwasikia.

Nilikuwa bado nimeshika kijiko mama watoto alipoingia. Macho yake yalianzia kwenye sufuria.

"Baba watoto. Hiyo ni sufuria ya chama."

Nikaanza kueleza. Sufuria iliyochemshiwa rangi hairudi kupika chakula, hilo nalijua, kwa hiyo nilikuwa nahesabu kimya kimya bei ya mpya, faini ya chama, na hotuba. Ghafla akanyamaza. Alikuwa ameona kilichomo kwenye kijiko.

"Ni kijani?"

"Ni ajali."

Akakichukua, akakizungusha kwenye taa. "Imependeza," akasema. Tumeoana miaka kumi na saba, na ndiyo sifa ya kwanza kuipata kwa kazi ya mikono. Kabla sijanawa, picha ilikuwa imeshafika Bungoma.

Jumapili shemeji alikuja na kilo mbili za nyama, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akaketi kwenye kiti changu, akapakata kisanduku, akanipiga ngumi raundi sita mfululizo, akiita kila kitufe jina la mchezaji wa Gor. Walipomaliza kunicheka nikamvuta kijana pembeni nikamwambia: usiku wakilala wao, tunavichemsha tena viwe vyeusi.

Akanitazama kwa huruma. "Baba, mimi nikicheza siangalii batani. Naangalia skrini. Nilitaka tu zipanguswe."

Nikaenda kwa mama watoto kupima hali ya hewa. Akaniambia la sufuria atazungumza nalo yeye mwenyewe na akina mama wa chama, niache wasiwasi, mradi tu rangi ile isiguswe tena. Nikapiga hesabu ya sufuria mpya pamoja na faini. Nikaacha wasiwasi.

Kwa hiyo kijani kimebaki sebuleni mwangu. Mtoto asipocheza, nakifunika kisanduku kwa kitambaa cha kufumwa, bluu na nyeupe. Hicho nilikinunua sokoni kikiwa tayari na rangi yake.