Moshi wa Kivumbasi

Yeyote aliyewahi kupanga Tandale katika nyumba ya vyumba sita, yenye ukumbi mmoja katikati na kuta zisizofika paani, anajua kwamba humo siri haina pa kujificha wala moshi hauna mwenyewe. Na kwa kuwa kila mpangaji wa nyumba yetu alikuwa na itikadi yake juu ya mbu, ikifika magharibi tulikuwa tukivuta pumzi za madhehebu yote kwa pamoja.

Bibi wa chumba cha mbele alifukiza kivumbasi kibichi katika chetezo. Fundi cherehani aliyemkabili akachoma maganda makavu ya machungwa. Na kijana wa bodaboda, ambaye aliona moshi ni ushamba, alijipaka mafuta ya nazi yaliyorowekwa karafuu hata akanukia kama pilau ya maulidi. Mbu nao, madhali ni viumbe wenye tadbiri, walipofukizwa mbele waliruka ukuta wakahamia kwa fundi, na walipochoshwa na machungwa wakaja kwangu, nisiye na silaha ila chandarua.

Usiku mmoja bibi, aliyekwisha kuambiwa na mjuzi fulani wa sokoni kwamba kivumbasi hakitimii pasipo pilipili kavu, alitia gao zima juu ya makaa. Kufumba na kufumbua, nyumba nzima, wazee kwa watoto, ilikuwa uani kando ya choo, ikikohoa na kububujikwa machozi, ilhali mbu wa shimo wakitukaribisha bila ubaguzi.

"Shikamoo, bibi," alisema fundi kwa taadhima. "Leo kumepikwa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Lakini nenda katazame ndani kama utamwona mbu hata mmoja."

Na hakuwamo.

Sipendi kuyadhulumu majani hayo. Mafuta yaliyomo katika kivumbasi na mchaichai humkera mbu kweli, ila wepesi ule ule unaoifikisha harufu kwake ndio unaoiondoa ngozini, aghalabu baada ya saa moja au mbili, na kwa jasho la Dar es Salaam hata kabla. Tena mchaichai uliopandwa koponi mlangoni, usipopondwa wala kuchomwa, ni pambo tu. Fauka ya hayo, mbu wa dengi, ugonjwa uliolitikisa jiji mwaka 2014 na 2019, huuma mchana, wakati chetezo kimekwisha poa.

Na yule atuimbiaye usiku, mleta matende na mabusha, aghalabu si mgeni: huzaliwa katika maji machafu ya mitaro na vyoo vyetu vya shimo. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga vyooni punje nyepesi za polistirini, zikaelea tabaka zima juu ya maji, viluwiluwi wakakosa pa kuvutia hewa, na mbu wakapungua mno bila ya mtu kukohoa.

Basi, ndugu msomaji, kivumbasi choma upendavyo, maadamu choo kimefunikwa na mtaro umezibuliwa. Na pilipili, tafadhali, ibaki jikoni.